Tenti Moja kwa Harusi na Matanga

Mwalimu wa semina alikuwa kijana wa suti ya kijivu iliyombana mabegani, na alitaka kila mmoja wetu aandike maono ya biashara yake kwa sentensi moja. Si mbili. Moja. Tulikuwa wanawake kama arobaini ndani ya ukumbi wa kanisa hapa Kitale: wauza mitumba, wafuga kuku, mama mmoja mwenye kinu cha kusaga unga, na mimi mwenye tenti na viti vya kukodisha. Nilikaa na ile kalamu mpaka kidole kikaniuma. Neno maono lilikuwa limenikera tangu asubuhi. Nilikuwa nimekuja kwa sababu biashara ilikuwa inanitoa jasho bila kunionyesha inakokwenda, nikitaka mtu aniambie nishike wapi, na sasa naambiwa nifumbe macho nijione baada ya miaka mitano. Nilipofumba macho niliona tenti zangu mbili, moja ikiwa Bokoli na nyingine haijarudi kutoka Myanga, na Jumamosi imeshafika.

Mwishowe niliandika: Tunahudumia sherehe zote, za furaha na za majonzi. Kijana akaisoma kwa sauti, akapiga makofi, ukumbi mzima ukapiga makofi. Akasema huo ndio upana wa mawazo. Nilirudi nyumbani Tuwan kichwa kimevimba, nikamwita mchora mabango, akaiandika sentensi ile kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa stoo yangu, chini ya bibi harusi aliyemchora mwenyewe, mwenye shingo ndefu kupita kiasi.

Ningejua ile sentensi itanifikisha wapi, ningeitafuna karatasi palepale.

Ukweli ni kwamba nilizitaka harusi. Hilo sikuliandika kwa sababu niliona aibu. Nilianza na viti hamsini vyeupe vya plastiki, na binti yangu, ambaye ana saluni mjini, ndiye aliyenifundisha kufunga vitambaa na utepe kwenye migongo ya viti. Mtu akiingia kwenye harusi, kwanza anatazama juu, halafu anasema, "Waah, hapa pamependeza." Hilo tu. Nilikuwa naweza kusimama nyuma ya jiko siku nzima nikingoja watu waseme hivyo. Kwenye mazishi hakuna anayeitazama tenti. Ikiwepo, wanakaa. Ikikosekana, wanakutukana.

Lakini simu haijui unachokitaka. Harusi zilikuja kwa msimu, shule zikifungwa, na nyingi zilikuwa za hapahapa Kitale. Matanga yalikuja mwaka mzima, na yalitoka Bungoma, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Bokoli na nimeolewa Myanga, na koo zote mbili zina namba yangu. Hawakuuliza kama nina nafasi. "Si wewe ni wetu?" Basi imekwisha, utawajibu nini?

Na kwetu mazishi hayaishi siku ya kuzika. Watu wanabaki nyumbani. Kuna kukaa hadi siku ya tatu, mzee afike azungumze na familia, wenye kunyolewa wanyolewe, mambo ya marehemu yatajwe mbele ya watu, na wajomba wa mbali bado wako njiani. Tenti inabaki imesimama. Sasa weka harusi ya Jumamosi Kitale, na tenti iko Myanga chini yake kuna watu waliofiwa, halafu uniambie sherehe zote ni sherehe.

Nakumbuka Ijumaa moja pale Myanga. Tulikuwa tumekubaliana siku mbili, na siku mbili zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nilifika na lori la kukodi saa nne asubuhi kuchukua vitu vyangu. Watu walikuwa bado wamekaa. Nikawaambia vijana wa lori waanze kufungua kamba upande usio na watu. Tenti ikaanza kulala taratibu, kivuli kikawa kinapungua, na bibi mmoja mzee sana aliyejifunga leso kichwani akawa anaburuta kiti chake kukifuata. Hatua moja, anakaa. Hatua nyingine, anakaa. Hakunitazama hata mara moja. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyesema, "Sasa mulamwa, hata tenti inatutoroka?"

"Mlisema siku mbili," nikamjibu.

"Ndiyo, tulisema."

"Kwani mimi nifanye nini? Niko na watu wananingoja Kitale."

"Hakuna mtu amekukataza, bana. Toa."

Nilitoa. Nilikuwa na haki, hilo hata yeye alilijua, na ndilo lililonichoma njia nzima kurudi. Kila wiki nilikuwa na haki na kila wiki nilikuwa na aibu. Nikifika nyumbani namgombeza mume wangu kwa chumvi, kwa redio, kwa namna anavyovua viatu. Yeye alikuwa na dawa moja ya kila kitu: uza tenti ununue ng'ombe. Ng'ombe hana maneno, alisema.

Tenti yangu moja ilikuwa na kiraka. Upepo uliipasua kwenye uwanja wa shule fulani, na kwa kuwa sikupata turubai jeupe siku hiyo, binti yangu aliishona kwa kipande cha buluu kikubwa kama sinia. Kwenye matanga tuliiacha hivyo. Kwenye harusi tulipitisha kitambaa cha pinki kwa ndani, kikafunika dari yote, na hakuna aliyejua. Nilijiona mjanja sana.

Harusi iliyoniumbua ilikuwa nje kidogo ya Kitale, nyumbani kwa bwana harusi. Mama yake ndiye aliyeniita na ndiye niliyepatana naye. Bibi harusi sikumjua, wala sikuuliza ametoka nyumba gani. Kwa nini niulize? Mimi ni wa tenti, si wa mahari. Tulifika alfajiri, tukasimamisha, tukafunga vitambaa, tukamwaga maua ya plastiki kwenye njia. Mama wa bwana harusi alitazama juu akasema pamependeza, na mimi nikashiba.

Saa saba ndipo watu wa upande wa msichana walipofika kutoka Bungoma, wakishuka kwenye basi na nyimbo zao. Wakakalishwa mbele. Upepo ulikuwa umeanza, ule wa kabla ya mvua ya mchana, na kitambaa cha pinki kikafunguka upande mmoja kikaning'inia. Nilimwona mama mmoja wa makamo, shangazi wa bibi harusi, akiinua macho. Alitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akashika mkoba wake, na nyimbo zikafa kwenye safu yake, halafu safu ya nyuma.

"Hii tenti naijua," akasema.

Nikajifanya sijasikia. Akageuka akanitafuta kwa macho, akanipata.

"Mama, hii tenti si ulileta kwetu Bokoli? Kwa matanga ya ndugu yangu? Mimi nilikaa chini ya hiyo kiraka siku tatu. Nimelala chali nikiiangalia. Utaniambia sio hiyo?"

Sikuweza kusema siyo. Ndugu yake alikuwa baba wa bibi harusi. Alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia, na mimi mwenyewe ndiye niliyezisukuma nguzo zile ardhini nyumbani kwake. Msichana alikuwa bado ndani ya gari na veli yake, akingoja kuingia.

"Huyu mtoto hataingia hapa chini," shangazi akasema. "Ati aolewe mahali tulilia baba yake? Toa."

Wazee wa pande zote mbili walijadiliana kidogo, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumpinga. Tuliishusha mbele ya wageni mia mbili waliovaa nguo zao za bei. Harusi ilifanyika juani, bibi harusi ameshikiwa mwavuli na dada yake, na ile keki ikayeyuka upande. Halafu mvua ikanyesha. Mama wa bwana harusi hakunitukana. Alinitazama tu, akaenda kuokoa sufuria za pilau.

Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika sokoni. Tenti ya maiti. Harusi mbili zilizokuwa zimeniwekea siku zikajiondoa, moja kwa uongo wa heshima, nyingine bila salamu. Na washauri wakajaa kama nzi kwenye maziwa. Mchungaji alitaka kuja kuipaka tenti mafuta. Wanawake wa chama walisema nibadilishe jina la biashara. Jirani yangu Mwislamu, anayeuza maharagwe ya nazi karibu na msikiti, alisema, "Wewe dada, shida yako si tenti. Hujui unataka nini." Nilimkasirikia yeye kuliko wote. Nilimpigia simu hata yule kijana wa semina. Alinikumbuka, akafurahi, akauliza ile sentensi nzuri inaendeleaje. Nilikata simu.

Basi nikaamua. Kama mtu hawezi kuwa na yote mawili, nitachukua ninachokipenda. Niliuza ile tenti isiyo na kiraka, nikanunua mpya yenye madirisha ya plastiki, nikanunua vitambaa vya rangi ya dhahabu, na watu wa Bungoma wakipiga nikawa nawaambia, "Samahani, siku hizi ni harusi tu." Ulimi ulikuwa mzito kusema hivyo. Upande wa pili mtu anasema, "Sawa, mama," na unajua hajakuelewa na hatakusamehe. Baba mmoja wa Bokoli, aliyesoma na kaka yangu, aliuliza kama matanga yao yameninukia.

Na harusi hazikuja. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hata leo nikiisimulia. Nilikuwa nimefanya kile wanachosema ufanye. Nilikuwa nimechagua. Nilikaa mlangoni pa stoo miezi minne na kikombe cha chai, vitambaa vya dhahabu nyuma yangu kwenye mifuko, panya wakianza kuvijua. Mteja mmoja aliingia, akashika kitambaa, akauliza bei, kisha akaniangalia vizuri. "Ni wewe ule wa ile story ya kiraka?" Nilimwambia atoke. Alitoka akicheka.

Simu ya shangazi wa Bokoli ilikuja asubuhi nikiwa nafua. Alijitaja bila kuona haya: mimi ndiye yule wa harusi. Mama yake mzazi alikuwa amefariki. Alitaka tenti.

"Mimi sifanyi matanga tena," nikamwambia, na ndani yangu nikaongeza, wewe ndiye umesababisha.

"Nimesikia. Lakini nataka ile. Ile ya kiraka."

Nilidhani ananichezea. Nilimwuliza kama amekosa mtu wa kumdhihaki siku ya msiba wa mama yake.

"Hapa karibu, Webuye, tenti ziko mingi, mpya kabisa," akasema, sauti ikiwa imechoka. "Mama alikaa chini ya ile akililia mtoto wake. Sisi wote tulikaa hapo. Ile inatujua. Sasa mimi nitaweka mama chini ya tenti ya watu sijui?"

Nilikuwa na povu hadi viwikoni. Simu ikiwa begani, nikamwuliza wanazika lini.

Nilikwenda. Nilijiambia ni mara moja tu. Tulifika Bokoli kabla ya adhuhuri, na mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza. Nilijua jua la alasiri litaingia upande gani, kwa hiyo nikaigeuza tenti ili wazee wawe na kivuli hadi jioni. Nilijua jeneza litakaa wapi na kwamba watu watazunguka kutoka kulia, kwa hiyo nikaacha njia. Nilijua viti vya nyuma vitatekwa na wapishi. Nilijua binti wa marehemu hatakaa kwenye kiti hata kimoja, kwa hiyo nikatandika mkeka. Hakuna aliyesema pamependeza. Walikuja wakakaa, mmoja mmoja, kama watu waliofika kwao.

Shangazi akaniita kando, karibu na migomba. "Unakuja kutoa lini?"

"Jumamosi asubuhi," nikasema. Nilikuwa na harusi Jumamosi. Ndiyo ya kwanza katika miezi minne, familia ngeni mjini isiyojua habari zangu, na walitaka tenti mbili.

"Tunazika Ijumaa."

"Najua."

"Na Jumamosi asubuhi unakuja kutoa, watu wakiwa wamekaa." Hakupaza sauti. "Basi rudi nayo saa hii, mama. Tutakaa kwa migomba. Afadhali tuzoee jua mapema."

Nikataka kumwambia juu ya mapatano, juu ya mafuta ya lori, juu ya vitambaa vya dhahabu na panya. Nilikuwa na haki, kama kawaida. Nikamwona yule bibi wa Myanga akiburuta kiti. Nikachukua simu, nikaenda mpaka nyuma ya choo ambako watu hawasikii, nikampigia bwana harusi wa Jumamosi nikamwambia nina tenti moja tu, nyingine haitatoka. Alinitukana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, akasema watu kama mimi ndio wanafanya biashara za Waafrika zife, akavunja mapatano yote. Nilikaa juu ya mawe nikalia kwa hasira. Halafu nikajisikia mwepesi, na nikakasirika zaidi kwa kujisikia mwepesi, kwa sababu sikuwa nimeulizwa kama nataka kuwa mwepesi kwa njia hiyo.

Tenti ilikaa Bokoli siku sita. Walinipigia wenyewe, wakasema, sasa unaweza kuja.

Mchora mabango alirudi akamfuta bibi harusi. Nilimwambia aandike: Tenti za matanga. Hatuondoi mpaka mtuambie. Alisita na brashi mkononi. "Mathe, uko sure? Watu wataogopa kupitia hapa." Kweli, mama wa chapati aliyekuwa mlango wa pili alihama wiki ileile. Watu wa bodaboda wa hapa Tuwan wananiita Mama Matanga, na wengine hawataki kunibeba asubuhi wakiwa hawajapata abiria wa kwanza. Tenti yenye madirisha niliiuza. Nikanunua mbili nyeupe za kawaida, nikapanga bei kwa msiba mzima, si kwa siku, na sasa kutoka Bokoli hadi Myanga mtu akifa jina langu linatajwa kabla ya fundi wa jeneza. Biashara ilipata mwelekeo. Nalala usingizi. Lakini asiniambie mtu kwamba mwelekeo ni kitu kitamu. Nilipata njia yangu kwa kufungiwa ile niliyoipenda, na bado nikipita penye harusi natazama juu.

Mwaka huu binti yangu aliolewa. Alikuja stoo mwenyewe, akakaa kwenye rundo la viti, akaanza kuzungumzia nywele za wateja wake, nikajua kuna jambo.

"Mama, za kwako usilete," akasema mwishowe.

"Sikusema naleta."

"Watu wa kina mume wangu wamekodi kwingine. Si mimi, mama. Ni mama yake. Amesema anakuheshimu sana, lakini zile tenti..."

"Najua zile tenti," nikasema. "Mimi ndiye ninayezijua."

Akalia, nikamnyamazisha, na alipoondoka nilipiga teke debe la maji likaenda hadi barabarani. Ningemfungia vitambaa mwenyewe. Mikono hii. Lakini nilikuwa nimeiandika kazi yangu ukutani kwa maandishi makubwa, na mama mkwe wake alikuwa ameisoma tu, kama mteja yeyote anavyotakiwa kusoma.

Siku ya harusi tenti zangu zilikuwa Myanga kwa mazishi ya mwalimu mstaafu. Pale harusini mtu mmoja akanisalimia, akanyoosha kidole juu: "Hizi si zako, mama?" Nikasema hapana, zangu ziko kazini. Zilikuwa nzuri, siwezi kudanganya, zenye utepe na taa ndogondogo. Ila waliozisimamisha walizielekeza vibaya, mdomo ukatazama magharibi, na kufikia saa nane jua lilikuwa limeingia hadi safu ya kwanza na kuwapiga bibi zangu wa Bokoli usoni. Nikainuka na gauni langu kwenda kutafuta vijana wa tenti. Kugeuza kona mbili tu, nguzo nne, dakika kumi. Niliwakuta wanakula. Wakaniambia, "Mama wa bibi harusi, leo si siku yako ya kazi."

Binti yangu aliniona kutoka kwenye meza yake. Akatikisa kichwa polepole, ndani ya ile veli, akiniomba.

Nikarudi nikakaa. Jua lilinichoma shavu la kushoto mchana wote, mpaka keki ikakatwa.